Zizi la kaskazini limebadilika, mipango nayo ibadilike

KATIKA nyanda za malisho za kaskazini mwa Tanzania, utajiri wa mtu umepimwa kwa ng'ombe tangu enzi za mababu. Mahari hutajwa kwa ng'ombe, kosa hulipwa kwa ng'ombe, na mgeni anayefika katika boma huutambua uwezo wa mwenyeji wake kwa kulitazama zizi kubwa. Mbuzi na kondoo wamekuwapo siku zote, lakini wamechukuliwa kuwa kama fedha ndogo za mfukoni, zinazosaidia shida za kila siku lakini hazitajwi wazee wanapozungumzia mali.

Hesabu za mifugo za zaidi ya nusu karne zinaonyesha kwamba desturi hiyo ya kufikiri haiafikiani tena na hali ilivyo. Fungu la ng'ombe katika jumla ya mifugo ya nyanda hizo limepungua, na fungu la mbuzi na kondoo limekua. Mabadiliko hayo yamekuja polepole, na ndiyo sababu yamewapita wengi wenye dhamana ya kupanga maendeleo ya mifugo bila kuyatilia maanani. Ni wajibu sasa yatazamwe kwa makini, kwani yanagusa chakula, afya na heshima ya maelfu ya familia.

Mfano ulio wazi ni Ngorongoro. Mwaka 1960, muda mfupi baada ya eneo hilo kutengwa na Hifadhi ya Taifa ya Serengeti, zilipatikana hesabu za ng'ombe wapatao 161,000, na mbuzi na kondoo wapatao 100,000. Kati ya kila mifugo 10, ng'ombe walikuwa 6. Hesabu ya mwaka 1987 ilikuta ng'ombe wapatao 137,000, na mbuzi na kondoo nao wapatao 137,000. Fungu la ng'ombe lilikuwa limeshuka hadi nusu. Katika kipindi hicho hicho idadi ya wakazi iliongezeka zaidi ya maradufu. Kwa maneno mengine, ng'ombe wachache zaidi walitakiwa kulisha watu wengi zaidi.

Ng'ambo ya mpaka hali ni hiyo hiyo, tena kwa ukubwa zaidi. Nchini Kenya, ndege za kuhesabu wanyama zimekuwa zikipita juu ya kaunti 21 za nyanda kame tangu mwaka 1977. Wataalamu waliozichambua hesabu hizo hadi mwaka 2016 waliona kwamba ng'ombe walikuwa wamepungua kwa asilimia 25, ilhali mbuzi na kondoo walikuwa wameongezeka kwa asilimia 76 na ngamia kwa asilimia 13. Wafugaji wa Samburu, ambao mababu zao walijivunia ng'ombe, leo huonekana wakichunga ngamia.

Kwa Tanzania nzima, takwimu zinahitaji kusomwa kwa uangalifu. Hesabu ya mifugo ya mwaka 1984 ilionyesha ng'ombe wapatao milioni 12.5, mbuzi milioni 6.4 na kondoo milioni 3.1. Sensa ya kilimo na mifugo ya mwaka 2019/20 ilionyesha ng'ombe wapatao milioni 33.9, mbuzi milioni 24.5 na kondoo milioni 8.5. Ng'ombe, basi, hawakupungua. Waliongezeka karibu mara tatu. Lakini mbuzi na kondoo kwa pamoja waliongezeka karibu mara tatu na nusu, na hivyo fungu la ng'ombe katika jumla ya wanyama wa aina hizo tatu likashuka kutoka asilimia 57 hadi asilimia 51. Mtu anayesoma safu ya ng'ombe peke yake atashangilia. Anayezisoma safu zote tatu ataona kwamba zizi la nchi linabadilika.

Aidha, jumla ya nchi nzima huficha yanayotokea mikoani. Tangu miaka ya 1970 wafugaji wa Usukuma wamekuwa wakihama na ng'ombe wao kwenda Rukwa, Mbeya na Morogoro, na baada ya operesheni ya kuwaondoa wafugaji katika bonde la Usangu mwaka 2006, wengi walifika Lindi na sehemu nyingine za kusini. Huko, ambako mbung'o walizuia ufugaji wa ng'ombe kwa miaka mingi na mbuzi ndiye aliyezoeleka, fungu la ng'ombe limepanda. Mkulima ambaye hakuwahi kuona kundi la ng'ombe 200 akajikuta analo kando ya shamba lake la ufuta. Kwa hiyo wastani wa taifa unachanganya kupungua kwa kaskazini na kuongezeka kwa kusini, na mipango inayotegemea wastani huo haiwezi kuwafaa watu wa upande wowote.

Kuna jambo jingine katika hesabu linalopoteza wengi. Wataalamu hupenda kuwalinganisha wanyama kwa uzito. Katika kipimo kinachotumika sana Afrika, ng'ombe mmoja huhesabiwa sawa na mbuzi 7. Takwimu zile za mwaka 1984 zikipimwa hivyo, ng'ombe wanakuwa asilimia 90 ya mifugo yote mitatu, na zile za mwaka 2019/20 zinatoa asilimia 88. Anayeshika kipimo hicho ataona kwamba karibu hakuna kilichobadilika, na ataendelea na mipango yake ya zamani kwa roho safi. Kipimo cha uzito kinafaa kwa kukadiria nyama na majani yanayoliwa. Lakini chanjo haitolewi kwa kilo, hutolewa kwa kichwa. Mchungaji naye hachungi kilo, na mbwamwitu au fisi anapovamia zizi huondoka na vichwa. Wizara inayopanga idadi ya dozi, ya maofisa ugani na ya masoko inalazimika kuzitazama hesabu za aina zote mbili.

Historia inaonyesha pia kwamba fungu la ng'ombe halijawahi kuwa kitu kisichotikisika. Mwanzoni mwa miaka ya 1890 sotoka iliingia Umasaini na kuua sehemu kubwa kabisa ya ng'ombe. Makadirio ya kawaida ni tisa katika kila kumi. Mwaustria Oscar Baumann, aliyepita Ngorongoro mwaka 1892, alikuta watu wakifa kwa njaa. Baada ya maafa hayo, ng'ombe walirudi kwa miongo kadhaa, wakisaidiwa na chanjo iliyoenea katika karne ya 20. Fungu lililoonekana mwaka 1960, ambalo wazee wa leo hulikumbuka kama hali ya kawaida, lilikuwa matokeo ya kupona huko kwa muda mrefu. Lililofuata baada ya hapo ni kushuka tena, safari hii bila pigo moja kubwa la kulaumiwa.

Sababu za kushuka huko ni nyingi na zimeshikana. Katika Ngorongoro, chanjo iliyowaokoa ng'ombe dhidi ya sotoka iliwaokoa pia nyumbu. Nyumbu wa Serengeti, waliokadiriwa kuwa kama 250,000 mwanzoni mwa miaka ya 1960, walizidi milioni moja mwishoni mwa miaka ya 1970. Ndama wa nyumbu hubeba virusi ambavyo haviwadhuru wao, lakini vikimpata ng'ombe humwua. Hivyo kila mwaka, nyumbu wanapozaa katika mbuga za majani mafupi, wafugaji hulazimika kuwaondoa ng'ombe wao wakati majani ya hapo ndiyo bora kuliko yote. Huwapeleka kwenye miinuko yenye kupe wengi, na huko hukutana na ndigana kali. Ndigana kali haimshiki mbuzi.

Sababu ya pili ni ukame. Ng'ombe hula majani ya chini, na hahimili siku nyingi bila maji. Mbuzi hula majani ya vichaka ambavyo mizizi yake hufika mbali ardhini, na ngamia huweza kukaa zaidi ya wiki bila kunywa. Ukame wa mwaka 2009 uliangamiza ng'ombe wengi Longido, Monduli na Ngorongoro. Ule wa mwishoni mwa mwaka 2021 na mwanzoni mwa 2022 uliacha mizoga kwa maelfu Simanjiro. Kenya ilipokosa mvua misimu mitano mfululizo kati ya mwaka 2020 na 2023, ilipoteza mifugo zaidi ya milioni 2.5. Baada ya kila ukame, mbuzi hurudi kwanza. Mimba yake ni ya miezi 5 na mara nyingi huzaa pacha, wakati mimba ya ng'ombe ni ya miezi 9, na mtamba wa kienyeji katika ufugaji wa asili huzaa kwa mara ya kwanza akiwa na umri wa karibu miaka 4. Ukame wa pili ukifika kabla ng'ombe hawajarejea idadi yao, fungu lao hushuka tena kutoka pale lilipokuwa limeishia.

Sababu ya tatu ni ardhi. Ng'ombe wanahitaji nafasi ya kutembea kati ya malisho ya masika na malisho ya kiangazi. Mashamba makubwa, vijiji vinavyopanuka, hifadhi na vitalu vya uwindaji vimekata njia hizo katika sehemu nyingi. Penye malisho yaliyochoka, vichaka huchukua nafasi ya majani, na nchi iliyokuwa ya ng'ombe inageuka kuwa nchi ya mbuzi bila mtu yeyote kuamua iwe hivyo.

Hapa ndipo swali muhimu linapojitokeza. Je, kupungua kwa fungu la ng'ombe ni maendeleo au ni umaskini? Jibu ni kwamba laweza kuwa lolote kati ya hayo mawili, na takwimu za jumla hazitofautishi. Ipo familia yenye ng'ombe 80 iliyouza 20 kwa bei nzuri kabla ya kiangazi, ikanunua mbuzi 100, ikaweka fedha nyingine benki na kumpeleka mtoto sekondari. Familia hiyo imepunguza fungu la ng'ombe kwa hiari na kwa busara. Ipo familia nyingine iliyokuwa na ng'ombe 12, ikapoteza 9 kwa ukame, ikauza wawili kwa bei ya kutupa ili kununua mahindi, na sasa ina ng'ombe mmoja na mbuzi 10. Fungu lake la ng'ombe nalo limepungua. Katika daftari la wilaya, familia hizi mbili zinaonekana kufuata mwelekeo mmoja. Katika maisha, moja inapanda na nyingine inazama.

Tofauti hiyo huonekana kwanza katika maziwa. Katika boma la mfugaji, maziwa yako mikononi mwa mama. Yeye ndiye anayekamua, anayegawa na anayeuza yanayobaki ili kupata sukari, chumvi na unga. Mbuzi hutoa maziwa, tena baada ya mvua hutangulia kuyatoa, lakini ni machache na ndama wa mbuzi nao wanayataka. Mbuzi 7 wanaweza kulingana na ng'ombe mmoja katika mizani ya wataalamu, lakini hawalingani naye katika kibuyu. Familia inapobaki na mbuzi peke yao huacha kuishi kwa maziwa na kuanza kuishi kwa unga wa dukani, na watoto wadogo ndio wanaolipa gharama ya mabadiliko hayo kwa afya zao. Afisa mifugo anayeandika kwamba mbuzi wameongezeka kijijini, bila kuuliza ng'ombe wa maziwa wamebaki wangapi kwa kila boma, ameandika nusu ya habari.

Kwa sababu hiyo, wito wa kuwataka wafugaji wapunguze mifugo hauna budi kutolewa kwa makini. Wito huo umerudiwa tangu wakati wa ukoloni, na una ukweli wake, kwani ardhi haiongezeki. Lakini mwenye ng'ombe 6 na mwenye ng'ombe 600 hawawezi kuhutubiwa hotuba moja. Kwa familia nyingi za kaskazini, ng'ombe kwa kila mtu wamekwisha kupungua bila hotuba. Kumwambia apunguze yule aliyekwisha kupunguziwa na ukame ni kumkejeli. Mwenye kundi kubwa, ambaye mara nyingine huishi mjini na kuajiri wachungaji, ndiye anayepaswa kuulizwa kwanza analitumiaje lile eneo la malisho ambalo ni la wote.

Mipango ya nyuma ilijengwa juu ya ng'ombe. Sheria ya mwaka 1964 ya kuendeleza nyanda za malisho, na mradi wa mifugo wa Umasaini wa miaka ya 1970 uliofadhiliwa na Marekani, vililenga zaidi majosho, malambo na madume bora. Kazi hiyo haikuwa bure. Mahali pengi majosho na malambo ya wakati huo ndiyo yaliyowafundisha watu faida ya huduma ya mifugo. Lakini mbuzi na kondoo waliachwa wajitunze wenyewe, na mazoea hayo yalidumu muda mrefu baada ya mradi kwisha.

Madhara ya mazoea hayo yalionekana katika jambo moja. Mwaka 2011 dunia ilitangaziwa kwamba sotoka ya ng'ombe imetokomezwa, ushindi ambao Afrika Mashariki ilikuwa na sehemu kubwa ndani yake. Lakini miaka mitatu kabla ya tangazo hilo, mwaka 2008, sotoka ya mbuzi na kondoo ilikuwa imethibitishwa kaskazini mwa Tanzania, baada ya kupita Kenya. Wakati macho yote yalikuwa kwa ng'ombe, ugonjwa uliingia kwa mlango wa mbuzi, na ukaziua akiba za familia zile zile zilizokuwa zimewakimbilia mbuzi baada ya kupoteza ng'ombe. Chanjo yake ipo, na dozi moja humkinga mnyama kwa miaka isiyopungua 3. Mataifa yamekubaliana kuutokomeza ugonjwa huo ifikapo mwaka 2030. Kampeni ya kitaifa ya chanjo na utambuzi wa mifugo iliyozinduliwa mwaka 2025 ni hatua ya kupongezwa, kwa kuwa imewaweka mbuzi na kondoo ndani ya mpango badala ya kuwaacha pembeni. Sasa kazi ni kuhakikisha kwamba dozi zinafika Simanjiro na Loliondo kwa wakati na zikiwa na ubaridi unaotakiwa, na kwamba viongozi wa vijiji wanawaandaa wananchi mapema.

Zaidi ya chanjo, mambo matatu yanahitaji kufanywa. La kwanza ni daftari. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya utambuzi na usajili wa mifugo ya mwaka 2010 inatoa nafasi ya kuwa na rejista ya kweli katika kila kijiji. Rejista hiyo ioneshe kila aina ya mnyama peke yake, na ioneshe mgawanyo wake kati ya kaya na kaya, ili halmashauri ijue nani amebadili zizi kwa hiari na nani amebadilishiwa na njaa. Mfugaji naye aondolewe hofu kwamba kuhesabiwa ni mwanzo wa kutozwa au kuhamishwa, kwani hofu hiyo ndiyo iliyofanya hesabu nyingi za nyuma ziwe pungufu.

La pili ni soko. Ng'ombe akifika mnadani hukuta mizani, angalau katika minada mikubwa. Mbuzi mara nyingi huuzwa njiani kwa kukadiriwa kwa macho, na anayekadiria ni mnunuzi. Mizani ndogo haina gharama kubwa kwa halmashauri, na faida yake ingewafikia moja kwa moja akina mama na vijana, ambao wengi wao mali waliyo nayo ni mbuzi.

La tatu ni ardhi. Sheria ya ardhi ya vijiji ya mwaka 1999 na ile ya nyanda za malisho ya mwaka 2010 zinaruhusu malisho kutengwa na kulindwa. Vijiji vya Orkitikiti, Lerug na Ngapapa wilayani Kiteto vilionyesha njia vilipokubaliana kuwa na malisho ya pamoja yaliyopewa jina la Olengapa, yanayovuka mipaka ya kijiji kimoja. Mfano huo ufuatwe na wilaya nyingine kabla majani yaliyobaki hayajawa mashamba au vichaka. Mbuzi si dawa ya malisho yaliyokwisha. Kondoo hula majani yale yale ya ng'ombe, na mbuzi wakizidi hata vichaka haviwatoshi.

Hakuna anayetarajia kwamba zizi la mwaka 1960 litarudi, na si lazima lirudi. Mfugaji mwenye ng'ombe wachache wenye afya, mbuzi waliochanjwa na malisho yasiyonyang'anywa anaweza kuishi vizuri kuliko babu yake. Lakini hilo litawezekana ikiwa mabadiliko yataongozwa na mfugaji mwenyewe, akisaidiwa na mtaalamu na kulindwa na sheria. Yakiachwa yaongozwe na ukame, ng'ombe wa mwisho wa maskini atakufa, mbuzi wake wataugua, na atakayeandika takwimu mwisho wa mwaka ataandika tu kwamba fungu la ng'ombe limepungua tena.